Nilifuta mvua, ikamchukua mama mdogo

Naomba mniache niseme, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Mama mdogo wangu wa Masukulu hakufa kwa bahati mbaya kama ilivyosemwa msibani. Mimi ndiye niliyemponza!

Kazi yangu ni takwimu za mashine za kupima mvua zilizotawanywa huku Rungwe. Kila mashine hutuma vipimo vyake kwenye kompyuta yetu hapa Tukuyu. Kipimo kikivuka kiasi, watu wa bondeni wanapata meseji ya kuwataka wapande juu. Mama mdogo ndiye aliyenilea, na kijiji kizima alikitangazia kwamba meseji zile zinatoka kwa mwanawe.

Sasa, kuna siku mbuzi alijikuna kwenye nguzo ya mashine moja kule Kyimo. Mashine ikatikisika, ikahesabu ule mtikisiko kuwa mvua. Watu wakakimbia na magodoro kichwani, jua linawaka! Vijana wa Msasani ya hapa Tukuyu, ninakoishi, wakanibandika jina: Mtabiri wa Mbuzi. Nikipita tu, "Meee!" Nilichukia, jamani. Nilijiona kama nimevuliwa nguo sokoni.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikaweka sheria. Mashine yoyote itakayosoma tofauti sana na jirani zake, kipimo chake kifutwe na mahali pake pawekwe wastani wa hao jirani. Kitaalamu njia hiyo ipo, inatumika. Lakini mimi nilikaza kikomo cha hiyo tofauti kwa hasira, ili nisichekwe tena. Na mimi mzaliwa wa huku! Najua kabisa mvua yetu inaweza kumwagika kilima hiki, na kilima cha pili watu wameanika nguo.

Masika iliyopita ikawa hivyo hivyo. Ilikuwa mchana. Mashine ya juu ya Masukulu ilipiga kelele peke yake, jirani zake karibu zote kavu. Kompyuta ikafuta, ikaandika wastani: manyunyu. Alama nyekundu ya kufutwa niliiona kwa macho yangu. Nikacheka, nikasema mbuzi huyo karudi! Nikaenda kula.

Mama mdogo alikuwa bondeni anachimba magimbi. Kijito kikaanza kunguruma. Jirani yake akampigia kelele atoke haraka. Akamjibu, "Aa, ingekuwa mbaya mwanangu angeshatuma meseji. Ngoja nimalizie shina hili."

Tulimkuta chini huko kwenye matete, jembe hatukuliona.

Nilimweleza bosi wangu yote. Akasema, "Utaratibu ulifuatwa, usijitese." Kikomo nimekilegeza, lakini nimemlegezea nani sasa? Baba mdogo, mumewe, sijamwambia, na sidhani kama nitaweza. Kila mawingu yakikusanyika ananipigia: "Mwanangu, nishuke shambani au nisishuke?" Nikimjibu, anasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Ananishukuru! Mimi! Nakata simu, nalia kama mtoto.

Wewe unayesafisha takwimu huko uliko, usiifanye kazi hiyo kwa kuogopa kuchekwa. Kuchekwa kunaisha, hata lile jina la mbuzi wameshalisahau. Kipimo kimoja kikipingana na wenzake, kabla hujakifuta, mpigie mtu aliye pale umuulize kama kunanyesha.

Mimi namba ya mama mdogo nilikuwa nayo, na salio lilikuwepo.