Dada Pima Kwenye Mazishi Yake Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Dada Pima, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mshona mapazia, na futi ya kupimia haikubanduka shingoni mwake. Alikula nayo, alikwenda nayo sokoni, na alipopigwa picha ya kitambulisho, mpiga picha aliogopa kumwambia aivue. Madirisha aliyapima kwa kazi, vitu vingine kwa mazoea. Daktari mmoja kijana alipokuja kujitambulisha kwa ajili ya kumchumbia mdogo wake wa kike, Dada Pima alimzunguka kama kabati la kuuzwa, akamtupia futi toka begani mpaka kisiginoni, kisha akasema, "Si mbaya, ila shingo imezidi." Kijana wa watu alimaliza soda yake akaaga, na ndiyo ikawa basi.

Mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa ndugu yake pekee. Mama yao alifariki huyo mdogo akiwa darasa la tatu, na tangu hapo Dada Pima ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwamulia rangi ya viatu, kozi ya chuo na upande wa kuchana nywele. Mdogo mtu akakua mpole, akapata kazi ya kuchapa hukumu mahakamani. Jioni alirudi nyumbani akaendelea kuchapa. Dada mtu alidhani hakimu anamwonea, akawa anampelekea chai huku akimlaani hakimu kimoyomoyo.

Siku moja mteja wake, mwalimu, aliingia dukani kuchukua mapazia. Alipomwona Dada Pima akashika kifua.

"Kumbe u mzima!"

"Kwa nini nisiwe mzima?"

"Mwenzangu, nimekulilia sura nzima!" Akatoa kitabu mkobani. Jalada lilikuwa na jina la mdogo mtu.

Dada Pima alifunga duka akakisoma amesimama, miwani puani. Mle ndani alikuwa yeye mtupu. Futi shingoni, sauti ya kumwita mtu aliye nyumba ya tatu, mpaka kovu la sindano kwenye kidole. Alicheka peke yake, akavimba kichwa, akawa anageuza kurasa kwa madaha. Alipofika sura ya tano, akateleza kwenye maji ya sabuni, akafa.

Jioni alimsubiri mdogo wake mezani.

"Umeniua."

Mdogo mtu aliweka kijiko chini. "Dada, ile ni hadithi tu."

"Najua ni hadithi. Nauliza, kwa nini maji ya sabuni? Nimekulea mimi, hata treni haikupatikana? Halafu mistari miwili! Paka wa jirani umempa ukurasa mzima!"

"Paka ana kazi huko mbele."

"Na mimi sina?"

Mdogo mtu alitazama sahani yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Nilijaribu kukuacha hai, dada. Lakini kila mara msichana wangu wa kitabuni alipotaka kutoka, wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Alitaka kusafiri, ukamuuliza atalala kwa nani. Alimpenda daktari, ukamtoa kasoro. Nimefika sura ya tano, bado yuko sebuleni! Ningefanyaje?"

Dada Pima alianza kukusanya sahani. Kisha akasema, "Shingo ya yule daktari kweli ilikuwa ndefu," akainuka kuosha vyombo. Lakini wiki ile alishona pazia la mteja juu chini, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, na alipoambiwa hakubisha.

Kitabu kikapendwa, wakaja watu wa filamu. Siku ya kupiga picha za mazishi ya yule dada wa kitabuni, mdogo mtu alimwalika dada yake atazame. Wakampa kiti pembeni, nyuma ya nyaya. Waombolezaji walikuwa waigizaji wa kukodishwa, wanalia kama watu waliopoteza mwavuli. Mwongozaji akasimamisha, wakarudia. Akasimamisha tena. Mara ya tatu Dada Pima hakuweza kuvumilia.

"Samahani, baba," akamwambia mwongozaji, huku ameshafika kwenye jeneza. "Hawa wanamlilia nani? Hawamjui huyu mama! Alikuwa mkali, sawa. Alikuwa na kiherehere, sawa. Lakini alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumwangalia. Sasa nani atamwambia avae sweta? Nani atamuuliza amekula?"

Alitaka kuwaonyesha tu namna ya kulia, lakini sauti ikamkatika na machozi yakaja ya kweli, yakalowesha futi. Waigizaji, kwa kumwona, wakaangua kilio cha haja. Nyuma ya kamera mdogo mtu alikuwa amejiziba uso kwa karatasi za mchezo. Mpiga picha hakuzima mashine, na mwongozaji akaamua papo hapo kwamba marehemu alikuwa na shangazi.

Wakirudi nyumbani kwa miguu, mdogo mtu alisema, "Dada, nimepata chumba karibu na mahakama. Nataka kuhamia."

Dada Pima alikaza mwendo mpaka kona. "Kina madirisha mangapi?"

"Moja."

"Moja! Ndiyo nyumba hiyo?" Kisha akapumua. "Haya. Kesho nikapime."

Mapazia aliyoshona yalikuwa ya bluu, rangi aliyoichagua mdogo mtu mwenyewe, na Dada Pima aliiona mbaya kupita kiasi. Mwezi ulipoisha alikwenda kumtembelea. Alibisha hodi, akangoja nje mpaka alipokaribishwa. Ndani, kitanda kilikuwa kimewekwa upande usiofaa, vikombe viko sakafuni, na kwenye kiti alikuwa amekaa yule daktari. Dada Pima alimsalimia, akaketi, akanywa chai yote bila kutoa maoni yoyote.

Mdogo mtu akaingiwa na hofu, akamshika paji la uso.

"Dada, unaumwa?"