Kuunganisha Kifo cha Mume wa Mtu

Kazi yangu hapa Tunduma ni video za harusi na kipaimara, na hasira zangu nyingi huletwa na simu. Watu hurekodi vizuri, kisha wanarushiana kwenye magrupu mpaka picha inabanwa na kubaki ukungu. Ndipo wananiletea mimi wakitaka muujiza.

Mjane mmoja kutoka Ruanda, kijiji cha huku huku kwetu, aliniletea vipande vitatu vya namna hiyo, kutoka simu tatu. Vyote vilimwonyesha mumewe akiuawa na watu kando ya foleni ya malori. Waliambiwa kaiba pikipiki, na pikipiki yenyewe ilikuwa yake. Kijana mmoja mbadili fedha alikuwa mahabusu, akidaiwa ndiye aliyepiga ukelele wa mwizi. Mjane alitaka video moja ya kupeleka polisi.

"Waliopiga ni wengi," aliniambia. "Aliyemwita mwizi ni mmoja. Huyo namtaka."

Alisindikizwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye hakutulia kwenye kiti.

Nikaviangalia. Tofali la kwanza lilimpata begani. La pili lilimvunja taya, mkono wake ukawa unautafuta mdomo. Mama mwenye mtoto mgongoni alimkanyaga vidole kwa kisigino. Mwenye simu alikuwa anacheka, na picha ilitikisika kwa kicheko chake. Nilimchukia huyo kuliko hata wenye matofali. Mjane hakugeuza uso, macho yake yalikuwa kwa mumewe tu.

Nilipoviunganisha kama vilivyo, sauti na picha zikaachana. Tofali lilitua, kishindo kikaja baadaye. Simu hizi hurekodi picha kwa mwendo wa kupanda na kushuka, nayo kompyuta yangu huzihesabu kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo ule ukelele wa "Mwizi!" ukaangukia kwenye mdomo wa mbadili fedha, aliyekuwa kaachama.

"Si huyo hapo?" shemeji akasema. "Acha hivyo hivyo, fundi. Polisi wanatusubiri."

"Haraka haraka haina baraka," nilimjibu kwa ukali. "Tofali linapiga kimya kimya, wewe unaona sawa? Kazi ya hovyo haitoki humu."

Nikavigeuza kimoja kimoja vyote viwe na mwendo mmoja. Mafaili yalivimba, kompyuta ikaunguruma. Shemeji akaniuliza tena kama hiyo kazi ni ya lazima, nikatamani kumzaba kibao. Kisha nikavipanga kwa kufuata honi ya lori iliyosikika kwenye vyote vitatu, nikabonyeza icheze.

Sasa kila tofali lilitua na kishindo chake. Ilikuwa mbaya zaidi, maana taya niliisikia ikivunjika. Nikarudi mwanzo. "Mwizi!" Mbadili fedha alikuwa kafumba mdomo. Nyuma yake mwanamume mwenye koti la kijani alikuwa kanyoosha kidole, mdomo ukifunguka sawasawa na ukelele. Nikakuza picha. Uso ulikuwa umevurugika, lakini mjane alimjua.

"Ulisema siku ile ulikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka," akamwambia shemeji yake.

"Shemeji, hiyo mashine inadanganya."

"Lile shamba la kahawa mlilokuwa mnagombania, ndilo ulilomuulia ndugu yako?"

Aliirukia kompyuta, nikamkaba kola. Akanipiga kiwiko, mdomo wangu ukapasuka, nami nikambamiza ukutani mara mbili na sitasema nilijuta. Viti vilianguka. Kelele ziliwaleta watu kutoka barabarani, wakajaa mlangoni, wawili wao tayari wameokota mawe.

"Oya, kuna nini humo? Mwizi?"

Shemeji akaganda. Mimi pia, maana nilijua neno moja tu lingetosha, na moyoni nilitaka lisemwe.

Mjane aliwatazama wale watu, akayatazama yale mawe.

"Hapana," akasema. "Ni shemeji yangu. Niitieni polisi."

Akasimama mlangoni, mikono kaitanua, na shemeji yake akajikunyata nyuma ya kitenge chake mpaka polisi walipofika.