Vazi la Kiti cha Bibi Harusi

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu ndiyo iliyokuwa ikiniamsha nyumbani kwetu Mbugangari. Mama alikuwa fundi cherehani, na kwa hesabu yake binti wa fundi huzaliwa tayari ameketi kwenye cherehani. Mimi nilitaka kwenda shule ya ufundi nikasomee uchoraji. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kuchukua umbo lililochorwa kimshazari, linaloonyesha pande tatu kwa pamoja, na kulitandaza kuwa sura tatu: ya mbele, ya juu na ya ubavuni. Nikatandaza jiko, ngazi, hata jogoo wa jirani, ambaye kwa juu alifanana na kiazi chenye mkia. Mama hakucheka. Alisema mchoro haumvishi mtu.

Msimu huo wa harusi Mama Zuhura, jirani yetu, akamletea mama mahameli nyekundu kutoka Goma, imetosha na hakuna ya akiba, amshonee vazi la kiti atakachokalia binti yake. Kiti chenyewe kilikuwa bado kwa seremala huko Kanama na kingeshuka asubuhi ya harusi juu ya basi dogo. Mama alikuwa amezama kwenye magauni, akanituma mimi niende huko nikakipime. Tukaafikiana kwamba vazi likikaa, naenda shule ya ufundi. Lisipokaa, cherehani ya pili inaningoja.

Nilikichora kiti kimshazari, kisha nikakigeuza kuwa sura tatu. Mwalimu akanipa alama zote. Mama akaitandaza karatasi mezani na uso ukamng'aa, kwani kwake hivyo vilikuwa vipande vya kukata, kama kifua, mgongo na mkono wa shati. Mimi nilivimba kichwa kwa fahari. Akaingiza mkasi bila kuniuliza neno.

Kiti kikafika, mgongo umelala nyuma kama mzee aliyeshiba pilau. Mbavu zikakaa, kikalio kikakaa, mgongoni mahameli ikapungua shibiri nzima. Mgongo unaoegemea, ukiutazama kwa mbele, huonekana mfupi kuliko ulivyo. Urefu wake wa kweli ulikuwa kwenye sura ya ubavuni, umetulia, haujaulizwa na mtu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi sote tulitazama mbele. Mama Zuhura alikuwa anagonga mlango. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nikaanza kulia, maana cherehani ile nilikuwa naiona kwa macho yangu.

Mama akaitazama karatasi, akakitazama kiti.

“Karatasi iko sawa,” akasema. “Kiti ndiyo iko na makosa. Inaegemea sana.”

Akachana kitenge chake cha manjano, akakiunga katikati ya mahameli ya mgongoni kama mkanda, shibiri ikapatikana. Harusini watu wakausifu mkanda ule kuliko bibi harusi, na majirani wakaanza kuagiza viti vya namna hiyo. Jioni Mama akaniita.

“Imekaa,” akasema. “Sasa enda usome kwa nini ilikataa kwanza.”

Leo nachorea kwenye kompyuta. Naligeuza umbo, na sura zote tatu zinajipanga kabla chai haijapoa. Kisha mchoro unapita kwa mkaguzi, kwa mkuu wake na kwa mteja, kila mmoja na maswali yake, na wana haki. Ila nasema kweli, nina wivu na yule msichana niliyekuwa. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeniamini kiasi cha kuikata mahameli ya watu bila kuuliza.