Betri ya game ilifura, na majibu ya kwanza kwenye uzi yakasema itobolewe

Wakuu, salamu kwenu. Haya niliyaona mwenyewe na sijayaongezea chumvi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000, game za mkononi zilipoanza kuonekana hapa Kitengela. Nilimnunulia binti yangu Naisula moja ya mtumba. Kabla ya hapo nilisoma maoni ya watu kwenye forum kwa muda mrefu, ndiyo kawaida yangu. Walibishana juu ya screen, graphics, ipi kali kuliko ingine.

Betri hakuna aliyeitaja.

Baadaye ikakataa kushika chaji.

Shemeji yangu Lemayian, kaka ya mke wangu, alikuwa amekuja kutoka Kajiado na mbuzi wa soko. Akaitoa ile betri, akaianika juani juu ya mabati ya banda la kuku. Msimcheke. Betri za redio sote tulizianika hivyo, na tukasikiliza habari za jioni.

Niliporudi kutoka kazini ilikuwa imefura kama mandazi.

"Imejaa hewa tu," shemeji akasema. "Ng'ombe akifura hivi tunamtoboa ubavu, anasimama anakula."

"Ngoja kwanza niulize."

"Haya, uliza hao watu wako wa kompyuta. Mimi niko na sindano ya mifugo hapa."

Nikaenda cyber, nikauliza kwenye uzi wa game hiyo. Wa kwanza akajibu: "Toboa na pini mkuu, utuletee mrejesho." Wa pili akamuunga mkono.

Wa tatu aliandika: "Usitoboe. Mimi nilitoboa yangu, ikawaka, godoro likaungua. Kama kuna mtoto karibu, mwondoe."

Wakamcheka. Mmoja akamwita mwoga.

Naisula nilimwacha na mjomba wake, na huyo hajawahi kumkatalia kitu; akililia game yake tu, betri ingetobolewa. Nikampigia simu, ikaita mpaka ikakatika.

Nikakimbia. (Mtu wa umri wangu akikimbia Kitengela, watu hudhani ameibiwa. Wawili walinifuata wakiuliza mwizi yuko wapi.)

Kutoka kwa geti niliwaona. Betri ilikuwa juu ya kigoda. Naisula ameishika kwa mikono yote miwili isiteleze. Shemeji ameinama, sindano mkononi.

Niliogopa kupiga kelele. Angeshtuka, mkono ungeshuka.

Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, hebu njoo unishikie geti, limekwama."

Akainuka, akaja. Ndipo nikamwambia mtoto aiachilie aingie ndani.

Niliibeba betri kwa beleshi mpaka kwenye mchanga nyuma ya nyumba.

"Baba Naisula, unabeba biskuti kwa beleshi?" Shemeji alicheka sana. Tukiwa tumesimama mbali, akaokota jiwe akalirusha.

Likaipata. Moshi mweupe, mlio wa kufoka, halafu moto uliofika magotini.

Shemeji aliingia ndani, akamwita Naisula, akaigeuza mikono yake na kuvitazama viganja, kimoja baada ya kingine.

Nilichojifunza: ukiuliza jambo mtandaoni, usihesabu waliokubaliana. Tafuta aliyeona kwa macho.

Yule wa tatu nilimshukuru, hakujibu tena. Labda vicheko vilimfukuza.

Kwa hivyo nawaomba: kama kifaa kiliwahi kukuunguza au kukukosakosa, tuandikie hapa chini, hata kama watakucheka. Kuna mtu anasoma akiwa ameacha mtoto nyumbani.