Sauti Nzito Nyumbani kwa Mjane wa Katoyi

Kila siku saa kumi ya mchana kulikuwa na mwanaume anaingia nyumbani kwangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namwasha.

Usikimbie. Soma kwanza, halafu uhukumu. Wenzako walianza na hukumu.

Mimi ni mjane. Hapa mtaani Katoyi wananiita Mama Gisubizo, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Nauza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba, na kanisani mimi ndiye msimamizi wa wamama. Vitu vya kanisa vinalala kwangu: viti vya plastiki, ngoma, na bafle, ile spika kubwa ya kwaya.

Mjane hana mali nyingi. Ana jina lake. Likitoboka, hakuna fundi wa kuliziba.

Ndiyo maana tangu mume wangu, baba Gisubizo, atangulie mbele za Bwana, mwanaume akija kununua makala anabakia nje. Hata mvua ikinyesha. Mwavuli nitampa. Ndani haingii.

Sasa sikia.

Mjukuu wangu Umwiza yuko darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Baba yake, Gisubizo, anafanya biashara ya samaki kule Vitshumbi, kwa hiyo mutoto anakaa na mimi.

Kusoma anajua. Kuimba anajua. Kubishana, usiseme.

Hesabu sasa. Umpe sehemu, nusu na robo na theluthi, anakuangalia kama mbuzi aliyeonyeshwa Biblia.

Baba yake akatuma telefone na megas za internet. Akanipigia: "Mama, kuna masomo kwa internet. Mwalimu mumoja anafundisha watoto wa miji mingi pamoja. Umuweke Umwiza humo."

Nikamuweka.

Yalikuwa maajabu. Namba zinajiandika zenyewe kwenye kioo, kama yale maandishi ya ukutani kwa mfalme Belshaza, ila hizi hazimuogopeshi mtu isipokuwa mjukuu wangu. Mwalimu haonekani, maana kamera inakula megas. Ni sauti tu. Juu pameandikwa: Mwalimu Ntirenganya.

Shida ikawa moja. Telefone yenyewe ilikuwa na sauti ya panzi. Umwiza akibandika sikio, haoni namba. Akiona namba, hasikii kitu.

Nikaiangalia bafle ya kanisa. Bafle ikaniangalia.

Nikaomba kwanza. Sikusikia katazo. Nikachomeka waya.

Ile sauti, ndugu zangu.

Vijana wa kwaya walikuwa wamezungusha kifungo cha bezi, ile ya mngurumo, mpaka mwisho, na sisi hatukujua kukirudisha. Sauti ikatoka nzito, imetulia, kama ya mzee anayesoma wasia. Sahani zikatetemeka kabatini.

"Umwiza, mwanangu, usiogope. Sehemu haziumi. Uko na nani hapo?"

"Niko na Koko yangu."

Koko ni bibi yake, ni mimi.

"Jambo, mama. Asante kwa kunipokea nyumbani kwako."

Nilikuwa nachagua maharagi. Yakamwagika yote.

Kesho yake saa kumi nikavaa kitenge cha Pasaka. Sikukivaa kwa ajili ya mtu. Kitenge kikilala sana sandukuni kinaliwa na mende, kila mtu anajua.

Siku nyingine nikakohoa wakati wa somo. Toka hapo kila akianza kufundisha anauliza: "Mama Gisubizo, kikohozi kinaendeleaje?"

Siku moja namsuka Umwiza, nikamuuliza hivi hivi tu, bila uzito:

"Huyu mwalimu wako yuko na familia?"

"Hapana, Koko. Anaishi na wenzake."

Nikaendelea kusuka. Nilisuka vizuri sana siku hiyo.

Sasa uelewe nyumba zetu. Ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, na kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya kupitisha neno zima bila kulikunja. Upande wa pili wa ukuta wangu anakaa Mama Clotilde. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku, anarudi saa kumi, na ni mwenzangu wa chumba cha maombi.

Miguu yake ikirudi kupumzika, masikio ndiyo yanaanza kazi.

Jumatano, katikati ya maombi, akasimama.

"Wapendwa, niko na ombi. Tumuombee mama mumoja. Sitamutaja jina. Ni mujane, anauza makala, nyumba yake ni ya bluu, na bafle ya kanisa inalala kwake. Kuna mwanaume anaingia kwake kila saa kumi. Mungu amusaidie."

Watu wote wakafumba macho. Halafu wakaanza kufumbua, jicho moja moja, kuniangalia.

Nikasema amina. Wewe ungesema nini?

Kesho yake somo limeanza tu, mlango ukafunguka bila hodi. Mbele ni muzee Nizeyimana, mzee wa kanisa, na kofia yake. Nyuma ni Mama Clotilde, beseni ya sambaza bado iko kichwani.

Na saa hiyo hiyo, sauti:

"Mama Gisubizo, kile kikohozi kilipona?"

"Muzee, umesikia?" Mama Clotilde akasema. "Anajua mpaka kikohozi."

Wakaanza kumtafuta. Muzee akainua pazia la chumba kwa ncha ya fimbo. Mama Clotilde akatua beseni, akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Hakuna. Akaenda kwenye gunia la makala, akalifinya huku na huku.

"Fungua na sufuria, Mama Clotilde," nikamwambia. "Labda amejikunja."

"Mama Gisubizo, usinichekeshe, niko kwa kazi ya Bwana. Na wewe kitenge ya Pasaka siku ya kazi, unamuvalia nani?"

Nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria.

Umwiza akanyoosha kidole kwenye bafle. "Munamutafuta mwalimu? Yuko pale."

Muzee akaizunguka bafle. Akaangalia nyuma yake.

Nikawaeleza yote: telefone, masomo, mtihani. Nikafikiri yameisha.

Muzee akavuta kiti, akakaa. "Mwanaume ni mwanaume, hata akipitia kwa waya. Nitamuuliza maswali. Akijibu vizuri, sawa. Akijibu vibaya, bafle inarudi kanisani leo, na wamama tutawatafutia musimamizi mwingine."

Bafle wangebeba. Cheo wangempa mwingine. Lakini mtaani lingebaki neno moja: walimtoa kwa sababu ya mwanaume. Neno hilo halifuliwi na sabuni yoyote.

Muzee akainama mbele ya bafle kama mtu anayeongea na mgonjwa, akamwita papa, kama tunavyowaita wababa wa watu.

"Papa, unanisikia? Hapa ni muzee Nizeyimana, wa kanisa."

"Nakusikia vizuri, muzee. Bwana asifiwe."

"Amina. Papa, uko na bibi wa ndoa?"

Nikasikia watoto wanacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba darasa zima liko humo, la miji mingi.

"Hapana, muzee. Sina bibi."

"Sasa kama huna bibi, na kila siku unamuuliza mujane habari ya kifua, uko na mupango gani?"

"Mpango wangu ni tumalize sehemu kabla ya mtihani."

"Anakwepa," Mama Clotilde akanong'ona.

Sauti ya mtoto mmoja, sijui wa mji gani, ikauliza: "Mwalimu, hii tuandike?"

"Msiandike. Endelea, muzee."

"Papa, nijibu mbele ya Mungu. Unaweza kuoa?"

"Mbele ya Mungu, muzee, siwezi. Niliweka nadhiri. Mbele ya askofu."

Mama Clotilde akashika mdomo. "Padri," akasema. "Ni padri."

Muzee akavua kofia, akaivaa tena. "Padri wa Katoliki," akasema taratibu, "ndani ya bafle ya kanisa letu."

Mimi nikajifunga kitenge upya, kwa nguvu.

"Muzee," sauti ikasema, na ilikuwa kama inazuia kicheko, "ngoja nifungue kamera. Umwiza, toa ule waya, mwanangu. Hapa naona kuna kitu hakijaeleweka."

Umwiza akachomoa waya. Tukakusanyika juu ya kioo, vichwa vinne, harufu ya sambaza katikati. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka.

Ikatokea miwani. Halafu mashavu ya mama mtu mzima. Halafu kitambaa cheupe cha watawa, kimefungwa vizuri.

"Mimi ni Masœur Léocadie Ntirenganya, mtawa," akasema. Bila bafle, sauti ilikuwa nzito kidogo tu, ya mama aliyefundisha miaka mingi. "Muzee, uliponiita papa nilitaka kukukatiza. Lakini watoto hawajafurahi hivi tangu tuanze sehemu."

Muzee akasimama. Kofia ikatoka kichwani, safari hii haikurudi.

Nikamgeukia Umwiza. "Wewe ulijua?"

"Siku ya kwanza alijionyesha, Koko. Ulikuwa kwa maombi."

"Na hukuniambia?"

"Haukuuliza. Uliuliza tu kama yuko na familia."

Mama Clotilde akanigeukia polepole. Muzee akaanza kuchunguza mabati ya paa. Mimi, kikohozi kikanirudia.

"Kwa kuwa mmeshaingia darasani, kaeni," masœur akasema. "Mama Clotilde, nimesikia jina lako. Nusu, uongeze theluthi. Tunapata ngapi?"

"Hiyo ni nyepesi," Mama Clotilde akasema. "Mbili kwa tano."

"Hapana, mama," darasa zima likajibu, miji yote kwa pamoja.

Mama Clotilde akavuta kiti. "Sasa ni ngapi?"

"Tano kwa sita," Umwiza akasema, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mwanangu," masœur akasema. "Tano kwa sita."

Ilikuwa mara ya kwanza Umwiza kupata sehemu. Nikageuka upande, nikajifanya napanga makala.

Mama Clotilde aliondoka jua limezama. Sambaza zilikuwa zimeanza kunuka, na alikuwa bado anabisha kwamba mbili kwa tano ingewezekana.

Nikalala nimeshukuru. Nilijua jina langu limepona.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Mama Clotilde akasimama wa kwanza. Uso unang'aa.

"Wapendwa, lile ombi la Jumatano limejibiwa. Yule mama wa nyumba ya bluu, Mungu amemufungua. Ule mwanaume hayuko tena."

Makofi. Vigelegele. Mama mmoja akaja kunikumbatia huku analia: "Mungu ni wa rehema, dada yangu. Hata mimi alinitoa mbali."

Unaona nilipofikishwa? Jumatano nilikuwa nashukiwa. Jumapili nilikuwa nimesamehewa. Na anayesamehewa, maana yake alifanya.

Nikamwangalia Mama Clotilde. Alikuwa anatabasamu kwa moyo safi kabisa. Aliamini amenisaidia. Nikamwangalia muzee. Alikuwa anasoma viatu vyake.

Ningeweza kusubiri. Nimwite Mama Clotilde pembeni, nimwambie arekebishe. Lakini yeye kurekebisha kwake nilikuwa nimeshakuona.

Nikasimama.

"Wapendwa, ushuhuda haujakamilika. Sijaachana naye. Bado anaingia kwangu kila siku saa kumi, na sina mpango wa kumfukuza."

Wamama wa mbele wakageuka na viti vyao.

"Muzee Nizeyimana anamjua, aliongea naye. Mama Clotilde alikaa naye mpaka jua likazama. Anayetaka kumuona kwa macho, aje kesho. Aje na mutoto wake wa darasa la tano au la sita. Na kalamu."

Nikakaa.

Muzee akasimama kueleza mambo ya telefone na megas. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikuwa wanapanga safari ya kesho.

Jumatatu, kabla ya saa kumi, ua ulikuwa umejaa. Wamama, wababa, watoto. Wasio na mtoto wa umri ule walikuwa wameazima kwa jirani. Nikatoa viti vyote vya plastiki. Niliweka telefone juu ya meza, nikawasha kamera, nikachomeka bafle. Safari hii Umwiza alikuwa amepata namna ya kupunguza bezi.

Masœur akatokea na kitambaa chake cheupe. "Karibuni, wazazi. Leo mko wengi."

Shingo zikanyooka, viti vikalia.

Kutoka nyuma mama mmoja, amebeba mtoto wa watu mgongoni, akauliza: "Ni huyu?"

"Ni huyu," nikasema. "Kaeni. Leo ni asilimia."

Wengine walinung'unika, nawaelewa, walikuwa wametoka mbali. Lakini hakuna aliyeondoka. Siku hizi watoto wanakuja bila kuitwa, na Mama Clotilde ndiye anayesimama mlangoni kuwanyamazisha wanaochelewa.

Wewe unayesoma hii, mwanamke au mwanaume, nakuachia neno. Ukichafuliwa mbele ya watu, usijisafishie chumbani. Fungua mlango, toa viti.

Na aliyekuja kutazama aibu yako, mpe kalamu.