Kibodi ya Fundi Viatu

Pale mahakamani walimwita Mashine, na yeye wala hakukasirika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichapa kila neno lililosemwa mbele ya hakimu. Wizi wa kuku, ugomvi wa mipaka, ndoa zilizovunjika, uongo wa mashahidi, vyote vilipita vidoleni mwake. Wakili anaongea kwa madaha, anajisikia mwenyewe, kumbe Mashine keshamaliza sentensi na anamngoja. Ukimwondoa kwenye kiti kile umemwondoa duniani, wala sitii chumvi.

Sasa mikono ikaanza kumletea za kuleta. Kwanza ganzi vidoleni, kisha vifundo vya mikono vikawaka moto, kisha siku moja kikombe cha chai kikamponyoka, chai yote ikamwagika juu ya jalada la kesi. Karani mkuu, mtu wa kanuni kuanzia tai mpaka soksi, alilifuta jalada lile, akakohoa, akasema:

"Mama, daktari ameandika upumzike mwezi mmoja. Kapumzike. Ukirudi, Jumatatu asubuhi, utachapa mbele yangu dakika kumi. Maneno sitini kwa dakika, kama kanuni inavyosema. Ukishindwa, utahamia stoo ya majalada."

Stoo ya majalada! Chumba kisicho na dirisha, mtu anakabidhiwa ngazi na kitambaa cha vumbi, haonekani tena mpaka siku ya kustaafu. Mashine alikwenda nyumbani moja kwa moja, akaingia kwenye karakana ya mumewe, akaketi sakafuni katikati ya vipande vya ngozi, akalia kwa sauti.

Mumewe alikuwa fundi viatu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Huyu si fundi wa kubandika soli tu. Aliunda viatu tangu mwanzo, juu ya miguu ya mbao aliyoichonga mwenyewe kwa vipimo vya kila mteja, akaitundika ukutani jozi kwa jozi. Wateja wenye miguu ya ajabu ajabu ndio aliowapenda zaidi. Alimwacha mkewe alie mpaka akatosheka, ndipo akasema, "Hebu weka mikono mezani, uchape."

"Nichape nini? Unaona kompyuta hapa?"

"Chapa meza."

Akachapa meza. Fundi akainama, jicho moja amelifumba, akaona mikono imebanwa pamoja katikati ya kifua na vifundo vimepindwa kwenda nje, kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Kumbe!" akang'aka. "Aliyeunda kibodi aliwahi kumwona binadamu kweli? Mikono iko miwili, yeye katoa kiatu kimoja!"

Siku hiyo hiyo akamwita mdogo wake, fundi redio wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kuona kitu cha umeme akakiacha bila kukifungua. Akaja na kibodi mbovu tatu kwapani.

"Shemeji," alimwambia Mashine, "unajua kwa nini safu za vitufe hazikunyooka, kila safu imesogea kidogo pembeni? Huo ni urithi wa mashine za chapa za zamani. Kila kitufe kilikuwa na mkono wake wa chuma kwa chini, na ile mikono ilibidi ipishane. Vyuma viliondoka zamani, upande upande ukabaki."

"Basi tuutoe," Fundi akasema.

"Utautoaje, kaka?"

"Kwa patasi."

Wakaanza. Herufi waliziacha katika mpangilio ule ule, maana Mashine aliapa kwamba akipangiwa upya atarudi darasa la kwanza. Lakini kibodi waliikata vipande viwili, wakavitenga kwa upana wa mabega yake, na vitufe wakavipanga wima, kila kidole na njia yake. Vidole gumba navyo, ambavyo miaka yote vilikuwa vikigonga kitufe kimoja tu na kustarehe, vikapewa kazi ya kufuta na ya kuruka mstari. Mashine alivionea huruma siku mbili tu.

Kwanza walimtengenezea ya mazoezi, bapa, ya mbao nyembamba, na alichapa juu yake robo saa kila asubuhi. Fundi hakuipenda hata kidogo. Vidole havilingani urefu, alisema, iweje vikae kwenye uwanja mmoja? Akachonga mabakuli mawili ya mbao laini, kidole kirefu kizame, kidole cha mwisho kiinuliwe. Jozi ya kwanza ilikuwa na kina mno, Mashine akionekana kama mtu anayenawa kabla ya kula, na shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Jozi ya pili ilipasuka. Ya tatu ndiyo ikapigwa msasa na kufungwa nyaya.

Vipimo vya mikono ya mkewe Fundi alikuwa amevichukua siku ile ile ya kilio, saa kumi jioni, akaviandika kwenye daftari la wateja. Hiyo ndiyo sheria yake. Mguu hupimwa jioni, ukishavimba kwa kazi ya kutwa, la sivyo kiatu kitabana. Na alijivunia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kukosea kipimo.

Mabakuli yalikamilika Jumapili. Mashine alikuwa amefua mashuka tangu asubuhi, mikono imeumuka kwa maji na kukamua. Akayajaribu, yakamkaa sawasawa. Fundi akatembea nyumba nzima akipiga mluzi.

Jumatatu ofisi nzima ilijazana mlangoni.

"Hivi ni nini?" Karani mkuu aliuliza. "Umeleta vyombo vya jikoni?"

"Kibodi, mkuu."

"Kanuni haijataja kibodi ya namna hii."

"Kanuni inataka maneno sitini, mkuu. Haijasema yatoke wapi."

Alipewa mstari mmoja wa kujaribia. Akaweka mikono. Viganja vilikuwa vinaogelea! Vilizama ndani ya mabakuli, vidole havifiki vinakotakiwa, na kwenye kioo yakatokea maneno ambayo hata jini asingeyasoma. Mlangoni mtu akacheka. Karani mkuu akatazama saa yake. Mashine aliiona stoo, ngazi na kitambaa cha vumbi, vyote vinamsubiri.

"Mkuu, naomba dakika moja."

Akajiuliza, mume wangu kiatu kikimpwaya mteja hufanya nini? Akainama chini ya meza. Viatu vyake alishonewa na Fundi, vyenye soli za ndani za ngozi nene, za kutoa na kuanika. Akazichomoa zote mbili, akazitandika ndani ya mabakuli, moja huku moja kule, akaegemeza viganja. Karani mkuu alikunja pua. Potelea mbali! Mikono iliinuka, vidole vikafika.

"Haya, mkuu. Hesabu."

Akachapa miguu peku, bila kutazama chini, dakika kumi. Karani mkuu alihesabu, akarudia kuhesabu, akavua miwani. "Sitini na tatu," alisema, na wale wa mlangoni wakapiga kelele mpaka hakimu akatuma mtu kuuliza kulikoni. Kisha mkuu mwenyewe akajaribu mabakuli yale, akachapa mstari mmoja, akaufuta kimya kimya.

Mashine alichapa kutwa nzima siku ile, kesi tatu. Saa kumi jioni alirudi nyumbani viatu vikimpwaya, pwata pwata, na Fundi akazisikia hatua kabla hajamwona mwenyewe.

"Nani kaniharibia viatu vyangu?"

"Nimefaulu, baba. Ila kibodi yako kubwa."

"Haiwezekani! Mimi nikosee kipimo?"

"Leta futi yako basi."

Akaleta futi na daftari, amevimba kwa hasira. Akapima kiganja cha kulia, akatazama daftari, akapima tena. Akapima cha kushoto. Halafu akaliweka daftari chini, bado kaushikilia mkono wake.

"Leo umechapa kutwa?"

"Kutwa nzima."

"Na inauma?"

Mashine alikunja vidole, akavikunjua. Tangu asubuhi hakuwa hata ameikumbuka mikono yake. "Haiumi," alisema.

Fundi aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta kitu. "Siku ile uliyolia mikono ilikuwa imevimba," alisema. "Mwezi mzima nimechonga mikono ya mgonjwa." Akafuta pua kwa kiwiko, akaketi kwenye kigoda, akafungua ukurasa mpya wa daftari. "Lete mikono hapa. Na hivyo viatu vivue, nikukatie soli nyingine."