Mstari wa Buluu Ukutani kwa Dada

Kabla hawajaanza kumwita Bwana Mstari, alikuwa mpaka rangi wa halmashauri tu. Vivuko mbele ya shule, kingo za barabara, milango ya ofisi za wakubwa, vyote vilipita mkononi mwake. Miaka nenda miaka rudi alizunguka mjini na baiskeli yake, kopo likining'inia kwenye usukani, suruali ina madoa ya kila rangi uijuayo, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemnunia. Nani amnunie mtu wa kupaka vivuko?

Halafu ikaja habari ya bahari. Halmashauri iliita mkutano, na afisa mipango, mwanamke mwenye sauti ndogo hadi watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie, akaeleza kwamba bahari inapanda kidogo kidogo. Siku bahari ikijaa sana na mvua kubwa ikanyesha, maji yataingia mtaa wa chini na kuingia majumbani. Ukuta wa kuzuia maji ungejengwa, lakini ukuta wa namna hiyo hauoti kama uyoga. Kwa sasa, kila nyumba ingepigwa mstari wa buluu pale maji yanapoweza kufika, ili watu wajue vitu gani wapandishe na nani atolewe mapema. Mpima wa halmashauri alitangulia, akapiga msumari kwenye kila ukuta kuonyesha kimo cha maji. Mpaka rangi alifuata nyuma na uzi na brashi yake.

Weee! Ungedhani anapaka ukoma. Bibi mmoja alimwambia yeye ndiye anayeyaita maji. Mwenye duka alimbembeleza aupige mstari nyuma ya mlango, wateja wasiuone. Wengine waliuficha kwa nguo za kuanika kutwa nzima, hata siku ambazo hawakufua. Kisa chenyewe kilikuwa wapangaji. Mtu akiona maji yatamfika kifuani, anafunga virago. Mpaka rangi aliyasikia yote, akajitia hamnazo. Msumari ulipo ndipo mstari ulipo, hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa wote.

Hadi alipofika kwa dada yake.

Huyo dada ndiye mama yake, kwa maneno mengine. Mama yao alipofariki, dada alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, mdogo wake akala na akavaa. Sasa alikuwa na nyumba yenye vyumba vya kupangisha, na mume ambaye kiharusi kilimlaza upande mmoja. Kodi ya wapangaji ndiyo iliyokuwa dawa ya shemeji. Asubuhi hiyo dada alikuwa amempeleka mgonjwa hospitali, na nyumba ilikuwa kimya. Msumari ulikuwa kifuani.

Mpaka rangi aliutazama kwa muda mrefu. Aliwaona wapangaji wakibeba magodoro yao, akamwona dada akirudi kwenye beseni la nguo za watu, na umri ule. Moyo ukamlainika. Akajisemea, ah, nani amewahi kufa kwa kipande cha ukuta? Akaung'oa msumari, akaupiga upya kiunoni, akaziba tundu la juu kwa chokaa, akavuta uzi. Mstari ulinyooka vizuri sana. Aliondoka anapiga mluzi.

Dada aliporudi na kuuona mstari alipiga vigelegele. "Kiunoni tu! Na sie tulivyotishwa!" Wapangaji hawakuondoka hata mmoja. Kwa wiki kadhaa mpaka rangi alilala usingizi mzuri, na kila alipomkumbuka dada alijiona amelipa fadhila.

Ndipo siku moja dada akamwita aje kunywa chai, ana kitu cha kumwonyesha. Akamkuta shemeji amelala juu ya kitanda kipya kilichojengwa kwa matofali na saruji, kimeshikana na ukuta, kirefu kwenda juu hata kukitazama kunachekesha.

"Karibu, shemeji," mgonjwa alisema kwa mdomo wake uliopinda. "Sasa hivi hata mbu wananifikia kwa ngazi."

"Acha mzaha wako," dada alisema, huku akicheka. Akamgeukia mdogo wake. "Nilimwambia fundi apime kwa mstari wako, apandishe kidogo tu juu yake. Huyu hawezi kukimbia, si unajua. Maji yakija usiku, yatapita chini yake. Majirani wanasema eti hiyo mistari ya kubuni tu. Nikawaambia, ya kwenu sijui, lakini wa kwangu kaupiga mdogo wangu."

Aliweka kikombe chini. Alikitazama kitanda, akautazama ule mkono wa shemeji usioweza kushika kitu, kisha akaangalia juu ya kitanda, mahali ambapo kifua cha mtu aliyesimama kingefika. Maji yangempita yule mzee puani na kuendelea kupanda. Alijichukia vibaya sana.

Akanyanyuka bila kuaga. Dada alimkuta nje, ametoa kopo kwenye baiskeli na kulifungua, anavuta uzi kifuani.

"Unafanya nini?"

"Ni hapa, dada. Tangu mwanzo ilikuwa hapa." Akamwonyesha tundu lililozibwa kwa chokaa. "Niliushusha mimi. Niliogopa wapangaji wasije wakakuacha."

Mpangaji mmoja, kijana wa gereji, alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Alisikia yote, akarudi ndani taratibu. Dada alilitia kidole lile tundu, chokaa ikamwagika miguuni.

"Wangapi wengine uliwashushia?"

"Hakuna. Wewe tu."

"Mwenye duka?"

"Alinibembeleza, nikakataa."

"Na yule bibi aliyekutukana?"

"Wake uko palepale pa msumari."

Dada alitikisa kichwa polepole. Hakupiga kelele, na mdogo wake alitamani angepiga.

"Kwa hiyo mtaa mzima," alisema, "watu ambao huwajui hata majina, uliwaambia ukweli. Mimi niliyekulea ndiye uliyeniacha nizame."

Ndani shemeji alikuwa anaita, anauliza kulikoni huko nje. Dada alijifuta machozi kwa kiganja, akaliokota kopo, akalishika juu, karibu na mkono wa mdogo wake.

"Paka," alisema. "Ukimaliza, uingie umwambie mwenyewe. Halafu unisaidie kumteremsha, kitanda kijengwe upya."